Kiongozi wa soka apimwe kwa mizani, si kwa lumbesa

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Gunia likishajaa hadi mdomoni hushonewa wavu juu yake, vitunguu vikaongezwa mpaka mzigo ukavimba kama kichwa kilichofungwa kilemba, kisha bei inayolipwa ni ya gunia moja. Kanuni za vipimo zinataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi. Lakini shamba likikosa mizani jicho ndilo linalopima, na jicho hudanganyika upesi kwa ukubwa. Naanza na gunia la kitunguu kwa kuwa ndivyo tunavyowapima viongozi wetu wa soka: kwa jicho, na kwa kile kilichorundikwa juu ya mdomo wa gunia. Taifa Stars ikifuzu, rais wa shirikisho ni jembe. Isipofuzu, hafai na aondoke. Kipimo hicho kinawapunja watu wawili kwa mpigo. Kinampunja kiongozi aliyefanya kazi isiyoonekana, na kinampunja zaidi kijana wa vijiji vya huko Mang'ola, Barazani, Malekchand au Laghangareri, ambaye kazi hiyo ilipaswa kumfikia na haikumfikia.

Ukiivua kelele za redioni, kazi ya kiongozi wa soka ni ya karani na ya hakimu. Ni kusajili klabu na wachezaji, kupanga ratiba na kuilinda isivurugwe, kufundisha waamuzi, kusikiliza rufaa kabla ligi haijaisha, kutunza hesabu zinazokaguliwa, na kuitisha uchaguzi siku yake ikifika. Hakuna mwenye kulipa kiingilio kutazama kazi hiyo. Kijana anaweza kucheza chandimu jioni nzima bila kujua kama kuna shirikisho la soka la nchi linaloitwa TFF, na atacheza vizuri. Lakini kipaji chake hakitoki kijijini kama hakuna mechi iliyoandikwa, kadi iliyosajiliwa, mwamuzi aliyeiandikia ripoti na chama kilichoipokea. Bila karatasi hizo, mpira wa kijijini ni kama maji yaliyomwagika nje ya mfereji: yamelowesha ardhi, lakini hayakufika penye mche.

Katika historia ya soka letu, maisha yanayofaa kuwekwa kwenye mizani hiyo ni ya Leodegar Tenga. Wengi wanamkumbuka kwanza kama beki na nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980, kwenye fainali za kwanza za Mataifa ya Afrika, AFCON, kwa Tanzania. Timu ile ilifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, ikarudi nyumbani na heshima ambayo ilitajwa kwa karibu miaka 40 bila kupata mwenzake. Tenga alikuwa mhandisi kwa taaluma, na baadaye akaja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Viwanda Tanzania, CTI. Mwishoni mwa 2004 alichaguliwa kuongoza soka la nchi, wakati chama cha zamani, FAT, kikigeuka kuwa TFF. Akachaguliwa tena 2008, na Oktoba 2013 akakabidhi ofisi bila kugombea muhula mwingine. Ndani ya miaka hiyo akawa pia rais wa CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, na mjumbe wa kamati ya utendaji ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na baada ya hapo akaja kuwa mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Uwanjani, ofisini, kisha kwenye baraza la serikali: ni wachache waliouona mpira wa nchi hii kutoka pande zote hizo.

FAT aliyoirithi kutoka zama za mwenyekiti wake Muhidin Ndolanga ilikuwa imechoshwa na migogoro. Makundi yalishitakiana, serikali iliingiza mkono, na mdhamini mwenye akili timamu alikuwa na kila sababu ya kukaa mbali. Alichofanya Tenga kinaelezeka kwa maneno machache na kilichukua miaka: katiba mpya ya 2006, kamati za uchaguzi, rufaa na nidhamu zenye mipaka ya kueleweka, hesabu ambazo mdhamini angeweza kuzisoma, na katika miaka yake ya mwisho Bodi ya Ligi, ili Ligi Kuu iendeshwe na chombo chake. Kuona thamani ya utulivu huo, mtu aangalie kwa jirani. Kenya ilifungiwa na FIFA mwaka 2004, ikafungiwa tena 2006, na baada ya miaka mingi ikafungiwa mara nyingine 2022, kila mara kiini kikiwa ugomvi wa nani ana haki ya kuongoza soka. Katika miaka yote ya Tenga, Tanzania haikufungiwa. Kutofungiwa hakuandikwi kwenye ubao wa matokeo, wala hakuna gwaride linaloandaliwa kwa ajili yake, lakini mchezaji wa Kenya ambaye umri wake bora ulipita akiwa nje ya mashindano anajua kuna hasara gani.

Kwa macho ya lumbesa, gunia la Tenga linaonekana dogo. Katika muda wake serikali ya Rais Kikwete ilibeba mshahara wa kocha Marcio Maximo kutoka Brazil, watu wakaanza kujaza uwanja mpya wa Taifa wenye viti 60,000, Stars ikacheza fainali za kwanza za CHAN, zile za wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2009 na kuwafunga wenyeji Ivory Coast 1-0. Twiga Stars wakafuzu fainali za Afrika za wanawake mwaka 2010, na Desemba ya mwaka huo Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, wakatwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam. Lakini AFCON haikupatikana hata mara moja. Mrithi wa pili, Wallace Karia, aliyeingia 2017, ameiona Stars ikifuzu fainali za 2019, za 2023 na za 2025, na katika hizo za mwisho, zilizochezwa Morocco, ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapozaliwa, nalo ni zito: mnatuambia nini kuhusu katiba na kamati, wakati mwananchi anataka kushinda?

Anayeuliza hivyo hana kosa, ila ahesabu nafasi kabla ya kuhesabu sifa. Mwaka 1980 fainali zilikuwa za timu 8. Muda wote wa Tenga zilikuwa za timu 16. Mwaka 2019 CAF ilipanua mashindano hadi timu 24, na Tanzania ikapita ikiwa ya pili kwenye kundi lililoongozwa na Uganda, kisha ikapoteza mechi zote tatu nchini Misri. Simwondolei Karia haki yake. Kufuzu mara moja kunaweza kuwa bahati ya mlango kupanuliwa, ila kurudi tena na tena ni kazi ya watu. Ninachosema ni kwamba mlango wa 16 na mlango wa 24 haiwezi kuwa kipimo kimoja, kama gunia lenye kilemba na gunia lililofungwa mdomoni yasivyoweza kuwa na bei moja kwa haki. Tena mche wa mpira haukomai ndani ya muhula mmoja. Nahodha wa Stars ya 2019, Mbwana Samatta, aliondoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akitokea ligi ya zama za Tenga. Kitunguu hukaa shambani miezi mitatu au minne baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni. Mchezaji hukaa miaka 10. Anayepima kwa mavuno ya mwaka huu anamlipa mtu ambaye huenda hakupanda.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kama Tenga alijenga utaratibu, mbona uchaguzi wa kumpata mrithi wake uliingia kwenye moto? Mapema 2013 majina ya wagombea, akiwamo Jamal Malinzi, yalikatwa. Mabadiliko ya katiba yaliyopitishwa mwishoni mwa 2012 yakapingwa. Waziri wa michezo wa wakati huo, Fenella Mukangara, akaagiza irudiwe katiba ya 2006. FIFA ikaonya kwamba serikali ikiendelea nchi itafungiwa. Uchaguzi uliopangwa Februari ukasimama. Kwa miezi kadhaa soka la nchi lilining'inia kwenye barua kati ya Dar es Salaam na Zurich. Baadaye Malinzi huyo huyo alishinda na kuingia ofisini, na mwaka 2017 akaondoka madarakani akiwa anakabiliwa na mashitaka mahakamani. Mwenye kutaka kusema utaratibu wa Tenga ulikuwa wa karatasi tu ana ushahidi wa kushika mkononi.

Nakubali nusu ya ushahidi huo. Katiba inayobadilishwa uchaguzi ukiwa mlangoni hujenga shaka hata kama kila kifungu ni kizuri, na kiongozi makini alipaswa kuliona hilo mapema. Lakini tuangalie pia namna moto ulivyozimwa. Ujumbe wa FIFA ulikuja, ukasikiliza pande zote, ukaelekeza ziundwe kamati za maadili kwanza, mkutano mkuu ukakaa na kurekebisha katiba, na tarehe 27 Oktoba 2013 kura zikapigwa. Aliyekuwa amekatwa Februari akaruhusiwa, akashindana na Athumani Nyamlani, makamu wa rais katika uongozi uliokuwa ukiondoka, akamshinda. Upande uliokuwa madarakani ukakabidhi funguo. Katika nchi ambayo viongozi wa klabu hukimbilia mahakamani kwa sababu ya mhuri, hilo ni jambo la kuandikwa kwa wino mzito. Utaratibu unapimwa siku unapomshinda aliyeuweka. Nao ulifanya kazi tena miaka minne baadaye: shirikisho halikuvunjika pale kiongozi wake alipofikishwa kizimbani, bali uchaguzi uliitishwa Dodoma Agosti 2017 na kazi ikaendelea.

Upungufu halisi wa Tenga, na wa waliomfuata, nauona kwingine. Utaratibu ulioshikamana pale Ilala, kwenye ofisi za TFF za Karume, ulipungua nguvu kila uliposhuka ngazi. Soka letu limepangwa kama piramidi: ligi ya wilaya chini kabisa, juu yake ligi ya mkoa, kisha ligi ya mabingwa wa mikoa, kisha madaraja ya kitaifa hadi Ligi Kuu. Kwa Mang'ola maana yake ni kwamba timu ya kijiji hujiunga na chama cha soka cha wilaya ya Karatu, chama hicho kiko chini ya chama cha mkoa wa Arusha, na mkoa ndio wenye kiti kwenye mkutano mkuu wa TFF. Mnyororo huo ni mfereji. Na watu wa Mang'ola wanaoishi kwa maji ya chemchemi za Qangdend wanajua jambo moja kuhusu mifereji ambalo halimo kwenye kitabu cha FIFA: wenye mashamba ya juu hawasikii kiu ya wenye mashamba ya mwisho. Ndiyo maana kuna kamati ya watumia maji, kuna zamu, na aliyefungulia maji nje ya zamu yake huulizwa mbele ya wenzake.

Tazama fedha. Katika zama za Tenga, ruzuku ya kawaida ya FIFA kwa kila shirikisho ilikuwa dola 250,000 kwa mwaka, ukiacha miradi. Leo, chini ya mpango wa Forward wa 2023 hadi 2026, kila mwanachama anaweza kupata hadi dola milioni 8 kwa miaka minne, zikiwamo milioni 1.25 kila mwaka kwa uendeshaji. Mwaka 2021 TFF na Azam Media zilitia saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Chemchemi imejaa kuliko wakati wowote. Vituo vya ufundi vimejengwa Kigamboni na Tanga, na ni vizuri. Lakini tusome tena majina hayo mawili: yote yako pwani. Kijana wa Mang'ola yuko kilomita 50 hivi za vumbi kutoka Karatu mjini, na Karatu yenyewe iko kama kilomita 140 kutoka Arusha. Kwake, mfereji mrefu namna hiyo ukikosa mtu wa kuusafisha njiani, maji huishia katikati.

Watetezi wa shirikisho husema, na wana hoja, kwamba ligi ya wilaya ni jukumu la wilaya. Viongozi wa chini ni watu wa kujitolea, hawana mshahara, wengine hutoa nauli ya waamuzi mfukoni mwao. TFF haiwezi kupanga ratiba ya kila kijiji. Kweli kabisa, na watu hao wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Ila wajibu haupimwi kwa umbali tu, hupimwa pia kwa kura. Viongozi wa mikoa ndio wanaomweka rais wa TFF madarakani. Kwa kanuni za sasa mgombea urais anahitaji kudhaminiwa na wanachama wasiopungua watano wa shirikisho, na mikoa ni sehemu kubwa ya wanachama hao. Mwaka 2021 na tena 2025, mikutano yote miwili ikifanyika Tanga, Karia alibaki mgombea pekee, wengine wakikwama njiani, baadhi yao kwa kukosa udhamini huo. Sidai kwamba kanuni ilivunjwa. Nadai kwamba mkoa wenye uwezo wa kumpa mtu urais, au kumnyima hata nafasi ya kuuomba, hauwezi kuhesabiwa kuwa mdogo siku ya kuulizwa habari za ligi zake. Njia inayopandisha saini kutoka Arusha inaweza kuteremsha mipira, mafunzo ya waamuzi na swali la mara kwa mara: mmecheza mechi ngapi?

Hapo ndipo Mang'ola inapofaa kuwa mizani, na nimeichagua kwa sababu ni ngumu. Kwenye kingo za Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw, na watu wa makabila mengine mengi walioletwa na kitunguu. Vijana huja kwa ajili ya kupanda, hurudi kwa ajili ya kuvuna, na kati ya hapo hutafuta kibarua kwingine. Ligi inayopangwa bila kuuliza kalenda ya shamba itakosa wachezaji nusu ya msimu. Chama kinachojua kazi yake kingepanga raundi mbili fupi zinazokwepa wiki za mavuno, na kuchezesha karibu na vijiji badala ya kuwasafirisha wote mjini. Kuna suala la karatasi pia. Soka la vijana linataka uthibitisho wa umri, na tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye fainali zake za vijana chini ya miaka 17. Mtoto wa Kihadzabe ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa popote ameachwa nyuma kabla hajagusa mpira. Kumsaidia apate cheti si kazi ya kocha. Ni kazi ya katibu wa chama anayekaa na mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji. Ajabu ni kwamba kwa upande wa shule kazi ya kufika chini imefanyika kwa kiasi: mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, hushuka hadi vijijini na kuwapandisha watoto ngazi kwa ngazi hadi taifa. Kama serikali inaweza kuwa na ngazi hizo kwa watoto wa shule, kijana aliyemaliza shule na kushika jembe asiambiwe kwamba mpira wake umebaki kuwa wa kombe la diwani, linaloanza na kuisha kwa hisani ya mtu mmoja.

Wako watakaosema namdai kiongozi wa taifa vitu vidogo mno. Huu ni wakati wa mambo makubwa: Agosti 2025 tuliandaa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na 2027 nchi hizo tatu zitaandaa AFCON. Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili hiyo, na watalii watakaopanda kuelekea Ngorongoro watapita Karatu kama wanavyopita leo. Nafurahia uwanja huo kwa moyo wote. Lakini uwanja wa 30,000 unahitaji watu wa kuchezea ndani yake baada ya wageni kuondoka, na historia ya karibuni ya mkoa haileti faraja: Oljoro JKT ilipanda Ligi Kuu ikashuka, AFC ya Arusha iliyopata kuwa jina kubwa imebaki kumbukumbu. Timu za mkoa hulishwa na wilaya zake. Karatu, Monduli, Longido, Ngorongoro na Meru zisipokuwa na ligi zenye kuandikwa, uwanja mpya utasubiri Simba na Yanga zije mara moja moja.

Kipimo ninachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kuwekwa ndani ya taarifa ya kila mkutano mkuu wa TFF: wilaya kwa wilaya, klabu zilizosajiliwa, mechi zilizopangwa na zilizochezwa, waamuzi wenye beji walio hai kikazi, timu za wasichana, rufaa zilizosikilizwa ndani ya muda, na shilingi zilizoteremka kutoka juu. Tenga aliyefundisha shirikisho kusoma hesabu zake angeweza kuanzisha karatasi hiyo na hakuifikisha huko. Karia ana fedha mara nyingi zaidi na muda hadi 2029. Kabla ya mwaka huo kwisha, mtu fulani atakwenda Arusha kuomba udhamini wa kugombea urais. Mwenye kalamu ya mkoa amfungulie daftari la wilaya ya Karatu, wasome pamoja ligi ya mwisho iliyofika Mang'ola ilikuwa na mechi ngapi, ndipo wazungumze habari ya saini.